Orrin Stuckwisch na Sanduku Lenye Shimo Moja

Marehemu Orrin Harlan Stuckwisch alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Februari 1946, hapa Vallonia, Kaunti ya Jackson, Indiana. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Elmer Stuckwisch, mkulima wa matikiti, na Lorene Kaelble. Alizaliwa na ratili tisa, amekunja ngumi zote mbili. Mkunga alijaribu kuzifungua akashindwa. Mjomba wake Virgil, kitinda mimba wa nyumba ya mama yake, ambaye ndiye aliyeandika haya, alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano na alizifungua kwa kidole kimoja. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyewahi kumfungua Orrin ngumi akishashika kitu.

Mjane, mama Arditha, aliomba wasifu huu uwe mfupi na wenye heshima. Mjomba aliahidi kimoja kati ya hivyo viwili.

Marehemu alianza shule hapahapa Vallonia mwaka 1952, akamaliza masomo ya sekondari Brownstown mwaka 1964. Hakuwa mjinga darasani, wala hakuwa wa kutisha. Linalokumbukwa ni siku moja ya mwaka 1956, alipokuwa darasa la tano, mwalimu Bi. Pruitt alipowataka watoto walete kitu cha kale cha nyumbani. Wenzake walileta pasi za mkaa na meno ya babu zao. Orrin alileta sanduku.

Sanduku hilo wengi wenu mmelikaribisha machoni mara nyingi kuliko mlivyotaka. Ni la mti wa jozi, limetandikwa mahameli nyekundu, na ndani yake kuna mashimo mawili yaliyokatwa kwa umbo la bastola, moja likitazama huku na jingine kule, kama mume na mke walionuniana kitandani. Bastola zenyewe ni zile za zamani za fataki, za kushindilia baruti na risasi mbele ya silinda na kuvisha fataki nyuma. Watu wa Vallonia walichanga wakampa Heinrich Stuckwisch, baba wa babu yake, aliporudi kutoka vitani mwaka 1865 akiwa pungufu kidole kimoja. Fundi nakshi Mjerumani alizichora majani ya mzabibu kutoka mdomoni mpaka kwenye mpini, na juu ya kila nyundo akachora kichwa cha mbwa. Heinrich alizifunga sandukuni akarudi shambani kulima. Huyo alikuwa mtu mwenye akili. Akili hiyo haikurithiwa.

Siku ile shuleni kila mtoto aliruhusiwa kushika bastola moja, na kila alipoiachia, Orrin aliifuta kwa leso. Mdogo wake Lowell, aliyekuwa darasa la kwanza, alitoroka darasani kwake akaja kushika naye, mikono imejaa jamu ya zabibu. Orrin aliifuta ile bastola jioni nzima. Mama yao alimwambia jamu haijawahi kuua chuma. Orrin, miaka kumi, akamjibu kwamba yeye mama hajui chuma. Hapo ndipo mjomba wake alipaswa kumchapa kofi moja la kumwokoa, na anajuta mpaka leo kwamba alikuwa anakula.

Mwaka 1966 marehemu aliitwa jeshini, akatumikia miaka miwili Ujerumani kama mtunza stoo. Alihesabu mablanketi. Hakufyatua risasi hata moja, wala baada ya hapo hakufyatua, wala hakutaka. Mjomba wake, ambaye katika ujana wake hapakuwa na mlengaji wa kumshinda bonde zima la White River (na waliokuwa wakibisha wamekwisha kufa wote), alimwalika mara nyingi wakapige makopo nyuma ya ghala. Orrin alikuwa akitazama bunduki ya mjomba kama mtu anayetazama mbuzi akila kitabu.

Aliporudi, mwaka 1969, aliajiriwa Posta kupeleka barua mashambani, kazi aliyoifanya kwa uaminifu miaka thelathini na minne. Theluji haikumzuia wala mafuriko. Lakini tuseme kweli, maana yupo mbele ya Mungu anayejua: hakuwa akipeleka barua tu. Palipokuwa na mjane mzee, Orrin alikuwa akizima gari, anavua kofia, anauliza habari za miguu yake, na baada ya miguu anauliza habari za kabati la marehemu mume wake. Kwa njia hiyo alikusanya bastola za fataki zenye nakshi arobaini, nyingine zina meli, nyingine zina ndege, moja ina mwanamke ambaye Arditha aliagiza awe anageuzwa ukutani mchungaji akija.

Ndoa yao ilifungwa katika kanisa hili Jumamosi, tarehe 20 Juni 1970. Fungate ilikuwa Louisville. Arditha alidhani wanakwenda kuona mto. Walikwenda kwenye ukumbi wa maonyesho wenye meza mia nne za wakusanyaji wa silaha za kale, na bibi harusi alikaa saa sita kwenye kiti cha kukunja akifuma soksi. Alipoulizwa na mama yake kulikuwaje, alisema ameona wanaume wengi sana wakitazama vitu kwa jicho moja. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Corinne, ambaye naye alijifunza mapema kwamba sebule ya baba yake si mahali pa kuchezea mpira.

Sasa kuhusu hao wa jicho moja. Wamo humu leo, na karibuni sana, kuku yupo ukumbini na haulizwi mwaka wake. Hawa ni watu wazima, wana kazi na wake, lakini wakikutana huvaa glavu nyeupe za pamba kama wahudumu wa hoteli, wakainamia kipande cha chuma na kuulizana kama kimebaki na asilimia kumi ya rangi yake au asilimia kumi na mbili. Chuma kikiwa cheusi kwa uchafu wa miaka mia moja na hamsini, hawasemi ni uchafu. Wanaupa heshima kuliko ndevu za nabii. Sheria yao kuu ni moja, nayo ni kubwa kuliko zile kumi: usisafishe. Ukisugua, umeua. Na ukigusa kwa mkono mtupu, jasho lako linakula chuma, na baada ya majuma machache alama ya kidole chako inaota kutu palepale, haitoki. Mtu aliyemgusia mwenzake bastola bila glavu anatajwa kwa jina miaka ishirini baadaye, kama mzinzi.

Orrin alikuwa mkali kuliko wote. Mkwe wake alipokuja kuposa, alipewa glavu kabla ya kupewa kiti.

Baba yao, mzee Elmer, alifariki mwaka 1979. Alikuwa mtu wa haki, na haki ikizidi hugeuka kisu. Aliwaachia wanawe bastola moja kila mmoja, na sanduku kwa Orrin kwa kuwa ndiye mkubwa. Tangu hapo sanduku lilikuwa na bastola moja na shimo moja. Kila msimu wa kuchipua alikuja daktari wa meno kutoka Cincinnati, bwana Dwight Fessler, ambaye tunamwona safu ya tatu, na kila alipokuja alitazama lile shimo, akafyonza meno, akasema jozi ni jozi. Orrin alimwomba Lowell amuuzie ile nyingine. Lowell alikataa, alisema kitu cha baba hakiuzwi kwa ndugu. Orrin akaomba tena, kila Krismasi, kwa miaka tisa. Shimo lile lilikuwa linamla. Alikuwa na mke, mtoto, afya, na bastola nyingine arobaini, lakini ungemuuliza ana nini angekwambia ana shimo.

Lowell yeye ni fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Seymour. Mnamjua. Hana neno refu. Gari lililogongana na ng'ombe likiingia karakana kwake hutoka ukadhani aliyeumia ni ng'ombe peke yake. Kwa Lowell, kumpenda mtu ni kumrudishia kitu chake kinang'aa.

Jumapili tarehe 16 Oktoba 1988 mama yao Lorene alitimiza miaka sabini na mitano. Tulikusanyika nyumbani kwake, kuku wa kukaanga, tambi juu ya viazi vya kuponda, na pudini ya matunda ya persimoni aliyoipika mwenyewe kwa kuwa hakuamini mkono wa mtu mwingine. Ilikuwa desturi siku hiyo Orrin alete sanduku, liwekwe mezani karibu na keki, mama aone kitu cha ukoo. Akaliweka, akalifungua, shimo likatukodolea macho. Ndipo Lowell akatoa kitu kilichofungwa kitambaa chekundu, akakiweka mbele ya mama, akakifunua.

Ilikuwa inawaka. Majuma matatu alikuwa ameisugua kwa mashine yake ya kung'arishia bampa, mpaka weusi wote ukatoka, na kutu yote, na nakshi pia. Majani ya mzabibu yalikuwa yamelainika yakapotea, kama jina kwenye sabuni. Kilichobaki ni yule mbwa juu ya nyundo, kwa sababu gurudumu la mashine halikumfikia. Mama Lorene alipiga makofi. Alijiona uso wake humo, akajitengeneza nywele.

"Kaka," Lowell akasema, "hebu sogeza hilo sanduku."

Orrin hakusogeza. Alikuwa mweupe kama zile glavu.

"Umeichuna ngozi," akasema.

"Nimeisafisha tu, kaka. Ilikuwa chafu."

"Hiyo si bastola tena, Lowell. Hiyo ni bampa. Kaifunge kwenye gari."

Akafunga sanduku kwa kishindo, akalikwapua, akatoka, na Arditha akatoka nyuma yake na sahani ya mtoto mkononi. Mama yao alikaa amekishika kile chuma kinachong'aa mapajani. Pudini haikuliwa. Walio hapa na waliokuwapo siku ile wanajua kwamba hilo peke yake lilitosha kuitwa msiba.

Baada ya hapo marehemu hakusema na mdogo wake neno moja kwa miaka thelathini. Haya si maneno ya kupamba. Nyumba ya Lowell ilikuwa katika njia yake ya Posta. Siku sita kwa juma, kwa miaka kumi na mitano, Orrin alisimamisha gari mlangoni kwa ndugu yake wa tumbo moja, akatumbukiza barua katika sanduku la nguzoni, akafunga mlango wake, akaondoka. Mwezi wa nane Lowell alikuwa akimwekea tikiti chini ya nguzo ya sanduku la barua. Lile la kwanza Orrin alilizunguka kwa gari. La pili pia. Yaliozea pale, nyuki wakala. Lowell aliendelea kuweka kila mwaka mpaka Orrin alipostaafu mwaka 2003. Kanisani mmoja alikaa upande wa piano na mwingine upande wa dirisha, wakaimba nyimbo zilezile. Mama yao alikufa mwaka 1997 bila kuwaona wamekaa benchi moja, na hata kaburini walisimama pande mbili za shimo.

Yote hayo kwa sababu ya kusugua chuma. Tumezika watu waliotaka kuuana kwa mambo makubwa kuliko hayo na walipatanishwa kwanza.

Mnamo Oktoba 2018 marehemu aligunduliwa ana kansa ya kongosho. Alikataa hospitali; akawekewa kitanda sebuleni, katikati ya makabati yake ya vioo. Mwezi Februari mjomba wake alikwenda kumtazama mchana mmoja, akamkuta anamwandikisha Corinne orodha. Mkusanyiko wote ungekwenda kwa bwana Fessler auze. Lililomsumbua lilikuwa sanduku.

"Dwight anasema lenye shimo halitapata mtu wa maana," akasema. "Mjomba, nakufa nalo wazi."

Mjomba wake alikuwa amekwenda na nia ya upole. Ilimwishia hapo.

"Shimo hilo umelichimba mwenyewe, wewe mtoto. Ilikuwa ya kwako."

"Nini ya kwangu?"

"Bastola. Siku ile ya mama yako. Alikuwa anakupa. Alikuambia usogeze sanduku aitie ndani. Wewe ulidhani anataka sanduku akatie sandwichi?"

Corinne aliweka kalamu chini.

"Nani kasema?" Orrin akauliza.

"Yeye mwenyewe, pale kwenye ghala la mahindi, wewe ukiwa bado unatafuta funguo za gari. Alisema alitaka sanduku la kaka lisiwe na shimo. Akaniapisha nisiseme, maana hakutaka uichukue kwa kumhurumia."

"Na wewe ukanyamaza miaka thelathini."

"Niliapa."

"Mjomba," Orrin akasema, "wewe hujawahi kunyamaza hata kwenye sala."

Ni kweli. Katika maisha yake yote mjomba wake ametunza siri moja tu, na ndiyo hiyo iliyopaswa kutolewa siku ileile, kabla gari halijawaka. Basi na dharau iliyomo katika karatasi hii igawanywe kwa haki, kama mzee Elmer alivyogawa: sehemu ya mjomba ichukuliwe nayo.

Orrin aligeuza uso kwenye makabati. Alitazama bastola zake zote arobaini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mmoja wa kumtetea. Kisha akamwambia Corinne, "Mpigie baba yako mdogo."

Lowell alikuja kesho yake asubuhi na nguo za kazi. Ile bastola ilikuwa imefungwa katika kitambaa cha karakana, na bado ilikuwa inawaka, maana kwa miaka thelathini alikuwa akiipaka mafuta kila Jumamosi. Arditha, kwa mazoea ya ndoa, alifungua droo akamletea mumewe glavu zake nyeupe. Orrin alizisukuma zikaanguka sakafuni. Akaipokea kwa mikono mitupu, mikono yenye jasho la homa, akaishika kwa vidole vyote kumi, akaigeuza, akaitafuta.

"Majani yamekwisha," akasema.

"Yamekwisha, kaka."

"Ulitumia nini?"

"Gurudumu la kitambaa. Na dawa nyekundu."

"Mpumbavu."

"Ndiyo, kaka."

"Mbwa kabaki."

"Mbwa kabaki."

Orrin aliendelea kuishika mpaka chai ikapoa. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa kuomba radhi, na mdogo wake si mtu wa kuidai. Alisema tu, "Iweke mahali pake," na Lowell akaiweka. Moja nyeusi kama chungu, moja nyeupe kama kijiko. Hakuna mkusanyaji duniani atakayeiita hiyo jozi. Halafu Orrin akamuuliza mdogo wake kama matikiti yale ya mwezi wa nane yalikuwa ya mbegu nyeusi au ya mistari, na wakabishana hilo mpaka mchana.

Marehemu alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Lowell alikuwa upande mmoja wa kitanda na Arditha upande wa pili. Mtayarisha maiti aliuliza, kwa nia njema, kama familia ingependa avikwe glavu zake mazishini. Arditha alisema hapana.

Marehemu ameacha mke, Arditha. Binti, Corinne, na mumewe Neal. Wajukuu wawili, Tessa na Wyatt, ambao leo kwa mara ya kwanza wataruhusiwa kukimbia katika ile sebule. Mdogo wake, Lowell. Na mjomba wake, Virgil, ambaye kwa miaka themanini na minane anaonekana hana haraka. Ameacha pia bastola arobaini, ambazo bwana Fessler anaweza kuja kuzichukua akishamaliza kula.

Sanduku halimo katika hesabu hiyo. Lipo nyumbani kwa Lowell, juu ya friji. Jana Lowell alilileta kwenye mkesha, na bwana Fessler, mbele ya jeneza, alimwomba alifungue kidogo, akalitazama, akafyonza meno. Alisema ile inayong'aa imeanza kuharibika: kuna alama za vidole zimeota kutu kwenye chuma, kumi zote, unaweza kuhesabu mistari ya ngozi. Akasema, kwa kumsaidia, kwamba fundi kama yeye anaweza kuziondoa kwa dakika tano.

Lowell alimwambia anajua. Kisha akafunga kifuniko.

Mashine ya kusugulia Lowell amempa mtu. Orrin apumzike kwa amani, mikono mitupu.